Jasho la Kwapa kwa Sisi Wenye Ngozi Inayochagua

Juzi nimepokea ujumbe kutoka kwa mdogo wangu mmoja wa Iringa. "Shikamoo dada. Nimepata kazi ya mapokezi, sare yetu ni shati la bluu mpauko. Jasho linanichora mpaka mbavuni, na kila rolioni ninayopaka inanibabua. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa kifupi palepale, halafu nikaona haitoshi. Najua wengi mnaonisoma mnataka ninachokitaka mimi: kusimama mbele za watu, kushika maiki, kuuza, kufundisha, kuinua mkono bila kuwaza kwapa. Basi leo tuongee.

Mtu wa Dar ukimwambia unatokwa na jasho Mbeya anakushangaa. Mji uko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake kila mtu anaijua. Lakini angalia tunavyoishi. Asubuhi unavaa shati, juu sweta, juu koti. Unapanda daladala iliyofungwa madirisha yote, watu wamebanana. Ukishuka unapandisha mlima kuelekea Uhindini unakimbizana na saa mbili. Ukifika ofisini, chini ya sweta ni maji matupu. Tena jasho la kwapa haliji kwa joto peke yake. Linakuja kwa wasiwasi. Ukiitwa mbele ya bosi, hata kama nje kuna ukungu, linashuka.

Mimi liliniumbua kwenye kazi yangu ya kwanza. Msimamizi wetu, mama mtu mzima niliyemheshimu, alikuja mezani kwangu wateja wakiwa wamekaa foleni, akaweka chupa ya spreyi mbele yangu. Hakusema neno. Wenzangu wakainamisha vichwa, mteja mmoja akacheka. Miaka imepita na bado nikikumbuka moyo unauma, kwa sababu sikuwa na kikwapa. Nilikuwa naoga asubuhi na jioni, nabadilisha nguo kila siku. Nilikuwa nimelowa tu. Kulowa na kunuka ni vitu viwili, na watu wengi wanavichanganya. Jasho likitoka kwenye ngozi karibu halina harufu. Harufu inatengenezwa na bakteria wanaokaa kwapani wakishalila. Ndiyo maana deodoranti ya kawaida, ambayo kazi yake ni kupunguza bakteria na kufunika harufu, haitakausha shati lako hata ukipaka chupa nzima. Kinachopunguza jasho lenyewe ni zile zenye chumvi za alumini, ambazo zinaziba kwa muda vijitundu ambamo jasho linapita. Soma nyuma ya kopo. Kama hakuna neno la alumini, hiyo ni ya harufu tu.

Baada ya siku ile nikaanza kuhangaika. Sitawachosha na yote. Duka moja la vipodozi waliniuzia spreyi yenye manukato makali, kwapa likawaka. Wakaniambia nipake bekingi soda, ngozi ikachubuka. Wakaniambia ndimu, ndiyo ikawa mbaya zaidi. Makwapa yakageuka meusi na magumu, na dukani humohumo wakaniuzia krimu ya kung'arisha, kikopo hakina hata jina la kiwandani. Ile niliitupa kabla sijaifungua, namshukuru Mungu, maana krimu nyingi za namna hiyo zinakutwa na dawa kali za steroidi au zebaki. Ngozi ya kwapa ni laini na inakaa imefunikwa, kwa hiyo inafyonza dawa hizo kwa urahisi. Dada zangu, duka la vipodozi si hospitali! Anayekuuzia anataka uondoke na kitu mkononi.

Aliyenisaidia ni daktari wa ngozi. Aliangalia jinsi vipele vilivyokaa, akaniuliza ninapaka nini na nafulia nini, akasema huo ni mzio, na kwamba manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kuleta mzio kwenye vipodozi. Bekingi soda nayo akanieleza: ngozi yetu ina asidi kidogo, soda inaivuruga asidi hiyo. Akaniambia niache kila kitu mpaka ngozi ipone, nioge kwa sabuni isiyo na harufu, na nguo nizisuuze mpaka maji yawe meupe, kwa sababu sabuni ya unga ikibaki kwenye mshono wa kwapa nayo inawasha.

Ngozi ilipotulia nikajaribu tena, safari hii kwa utaratibu. Unachukua rolioni yenye alumini lakini isiyo na manukato kabisa, unapaka kidogo kwenye mkunjo wa mkono, upande wa ndani wa kiwiko, asubuhi na jioni, kwa wiki moja hadi siku kumi. Ikikuwasha hapo, usiipeleke kwapani. Ikikaa salama, anza kupaka usiku kabla ya kulala, kwapa likiwa kavu kabisa. Usiku jasho ni kidogo, dawa inapata nafasi ya kushika. Ukipaka asubuhi umetoka kuoga, ngozi mbichi, unajitafutia kuwashwa na jasho litaisukuma nje. Siku uliyonyoa kwa wembe usipake kabisa. Jiwe la shabu wanalouza sokoni nalo lina alumini ndani yake, msidanganywe kuwa ni "la asili" kwa hiyo halina neno. Kuhusu saratani ya matiti, ambayo mnaniuliza kila mara, mpaka sasa tafiti hazijaonyesha uhusiano wa wazi na alumini ya kwapani. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye anayetakiwa kumuuliza daktari wake kwanza.

Sasa nikwambie kitu kilichobadilisha maisha yangu, na hakipakwi. Ni vikinga jasho vya kitambaa. Kama ngozi yako inachagua kila kitu, linda nguo, iache ngozi ipumue. Fundi wangu pale Mwanjelwa alikuwa hajawahi kuvishona, nikamchorea kwenye karatasi. Tulikata fulana ya pamba ya zamani, laini kwa kufuliwa. Kila kikinga ni vipande viwili vya umbo la mwezi mchanga, vinaunganishwa kwenye ule upinde wa ndani, kisha vinafunguka kama jani lililokunjwa katikati. Nusu moja inalala upande wa mwili wa gauni, nusu nyingine inaingia kwenye mkono, mshono unakaa juu ya mshono wa kwapa. Kila nusu ina tabaka mbili za pamba, na pindo linageukia upande wa nguo ili lisisugue ngozi. Fundi aliweka vifungo vidogo vya kubonyeza, unavitoa jioni, unafua, unaanika juani. Shona jozi kadhaa. Alipomaliza akavigeuzageuza akasema, "Mwanangu, hivi hata mimi najishonea." Ndaga fijo, mama, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Mwezi uliopita niliongoza send-off Kyela. Mnaijua Kyela, unateremka kutoka Tukuyu, sweta linavuliwa njiani, ukifika kule karibu na Ziwa Nyasa hewa imekuganda mwilini. Gauni langu lilikuwa la satini ya kijivu, rangi ambayo tone moja tu linaonekana kutoka meza ya mwisho. Nilishika maiki kuanzia mchana mpaka usiku, nikanyoosha mikono nikiita ukoo kwa ukoo, nikacheza na wajomba. Gauni likabaki kavu. Mama wa bibi harusi akanishika mkono akaniambia, "MC, wewe joto letu hulisikii?" Nilijisikia mtu.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wengine wenye mashati ya bluu mpauko na ya kijivu, msikubali kuaibishwa. Vaa fulana ya pamba ndani, weka vikinga, omba shati lisilobana kwapani. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, kitenge chenye maua mengi kinaficha kuliko kitambaa cha rangi moja, ila hakikisha ni cha pamba. Siku hizi kuna vitenge vingi vya polista vinavyofungia joto. Na nyinyi mabosi, mtu akilowa mwiteni pembeni. Mnapomweka binti wa watu chupa mezani mbele ya wateja mnavunja kitu ambacho hamtakilipa.

Kama umejaribu haya na bado maji yanachuruzika ukiwa umetulia, nenda kwa daktari, ni tatizo linalotambulika na lina dawa. Zipo za kupaka zenye nguvu zaidi, na zipo sindano za botulinum, dawa inayozuia kwa muda neva zinazoamsha jasho, ambazo Marekani waliziidhinisha kwa jasho kali la kwapa mwaka 2004. Majipu yanayojirudia kwapani nayo yapeleke hospitali, usiyakamue nyumbani. Na jasho likikulowesha shuka usiku, unakohoa na uzito unapungua, achana na rolioni na vikinga, nenda kapime kifua kikuu. Kwenye vituo vya serikali vipimo na dawa zake ni bure.