Ameanguka, ameinuka, anasema hajambo: je, tumwache alale?

SWALI: Daktari, mdogo wangu aliteleza kwenye ngazi akaangukia kisogo. Alizimia kwa muda mfupi, kisha akainuka, akazungumza vizuri na kukataa kwenda hospitali. Usiku majirani walituonya tusimruhusu asinzie. Ni dalili zipi zinazoonyesha kwamba ubongo umeumia?

JIBU: Poleni sana. Kuzimia, hata kwa muda mfupi, kulitosha kumpeleka hospitali saa ileile. Kama bado hajapimwa, mpelekeni sasa. Juu kidogo ya sikio, mahali ambapo mfupa wa fuvu ni mwembamba, hupita ateri ambayo ikipasuka huvujisha damu kati ya mfupa na utando unaofunika ubongo, na majeruhi huweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa kabla damu hiyo haijaukandamiza ubongo. Kwa hiyo sisi tunaopokea wagonjwa wa dharura hurudia kumpima fahamu, tukitazama anavyofumbua macho, anavyojibu na anavyosogeza viungo. Katika kipimo cha Glasgow, kinachoyapa alama mambo hayo matatu na kilichotangazwa mwaka 1974, alama za juu kabisa ni 15, na kuanzia 8 kushuka ni jeraha kali. Lakini hata aliyeshuka kutoka 15 hadi 13 hatumwachi peke yake.

Kuhusu usingizi, majirani walikuwa na nia njema, ila kulala kwenyewe hakumdhuru mtu ambaye daktari amekwisha kumpima na kumruhusu arudi nyumbani. Cha kuogopa ni usingizi ambao ukimwamsha haamki, au anaamka asijue yuko wapi. Mrudisheni hospitali bila kungoja asubuhi akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kumuuma, akipatwa na degedege, ulimi ukiwa mzito, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au majimaji maangavu yakimtoka puani au masikioni. Weusi unaojitokeza nyuma ya sikio hata siku ya pili yake huashiria fuvu lililovunjika. Msimpe aspirini.

Mzee, au yeyote anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hata kama hana dalili yoyote. Na aliyeanguka akiwa amekunywa pombe, nawasihi, msiseme amelewa tu mkamwacha alale: pombe na damu iliyovuja kichwani humlegeza mtu kwa namna moja, na wa kuvitofautisha ni daktari mwenye vipimo.