Silabi, vifuniko na mdako: maswali ya wazazi na walimu wa chekechea

Mwanangu ana miaka mitano. Anaimba "ba be bi bo bu" hadi "za ze zi zo zu" bila kukosea, lakini nikimwandikia "bo" peke yake anaduwaa. Kwa nini? (Mzazi, Morogoro)

Ameshika wimbo, hajasoma. Ili afike "bo" inabidi aanzie "ba" kimoyomoyo. Basi vurugeni mpangilio. Chukua vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, uandike irabu tano na silabi za konsonanti mbili tu, b na m. Hivyo ni vifuniko 15. Ongeza "ba", "bi" na "ma" za pili, la sivyo "baba" haiandikiki.

Vimwage mkekani. Wewe taja "mo", yeye atafute. Kisha geuzeni: yeye ataje, wewe utafute, na mara mojamoja ukosee makusudi ili akukamate. Akizitambua zote bila kubahatisha, aunganishe maneno: mama, bibi, mume, bamia. Dakika 10 kwa siku zinatosha. Konsonanti d isubiri wiki kadhaa, maana watoto huichanganya na b.

Wanaosema mtoto acheze tu, herufi zitakuja zenyewe, hatukubaliani nao. Herufi hufundishwa. Na kwa kuwa Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, zoezi la silabi lina faida kubwa, mradi liwe fupi na mtoto awe na kitu cha kushika.

Binti yangu wa PP1 (mwaka wa kwanza wa elimu ya awali) hupewa kurasa tatu za kuandika kila jioni. Analia mkono unauma. (Mama, Nairobi)

Ana haki ya kulia. Akiwa na miaka minne, sehemu ya mifupa ya kifundo cha mkono bado ni gegedu laini, haijawa mfupa, na misuli ya vidole haina nguvu. Akichoka hushika penseli kwa ngumi, na mazoea hayo hayatoki upesi. Mwombe mwalimu apunguze hadi mistari miwili. Mtaala wenyewe unampa dakika 30 tu kwa kipindi kizima darasani, sasa kurasa tatu za nyumbani ni za nini?

Jioni abane vibanio vya nguo kwenye ukingo wa beseni, abambue njugu, afinyange donge la unga wa chapati, achore herufi mchangani. Penseli ikate iwe fupi kama kidole chake. Hapo ngumi haina pa kushika.

Nimwekee tuisheni ya usaili wa darasa la kwanza? (Baba, Dar es Salaam)

Hapana. Mwache alale.

Nina watoto 60 na niko peke yangu. Kona za ujifunzaji, zile sehemu za darasa zenye vitu vya kuchezea na kujifunzia, zinageuka vurugu. (Mwalimu wa darasa la awali, Tabora)

Mara nyingi vurugu huanzia kwenye kona isiyo na kazi. "Chezeni na mchanga" huishia kumwagiana. "Jazeni chupa hii kwa kikombe, mniambie imeingia vikombe vingapi" huwashughulisha.

Gawa makundi manne ya watoto 15. Moja liwe nawe mkekani kwa silabi, matatu yawe kwenye kona. Baada ya dakika 10 piga ngoma, wape dakika 3 za kurudisha vitu mahali pake, wahame. Mizunguko minne ni dakika 52. Wiki ya kwanza usifundishe silabi yoyote. Wazoeze kuhama na kupanga vitu tu. Walimu wengi huruka hatua hii, ndiyo maana huachana na kona mapema.

Anahesabu hadi 100. Yuko tayari kwa kujumlisha? (Bibi, Tanga)

Mwekee maharage tisa, umwambie, "Nipe sita." Akikukabidhi konzi nzima, bado.

Mfundishe mdako, bibi, bila shaka unaujua. Chimba kishimo, weka mawe 12. Anarusha juu kete, yaani jiwe la kurushia, anakomba mawe yatoke nje, anaidaka. Anarusha tena, anayarudisha yote isipokuwa moja. Raundi inayofuata anabakisha mawili mawili, kisha matatu matatu. Kwa mawe 12 mafungu hutoka sawa. Akizoea, yapunguze yawe 10, aone kwenye raundi ya tatu jiwe moja linavyokosa wenzake. Mchezo ukiisha hesabuni mawe yote na kuyaficha, hasa kama kuna mdogo wake ambaye hajafika miaka mitatu, maana huyo ataweka jiwe mdomoni au puani.