Wasomaji Wauliza: Kwa nini chaja isiyo na waya inaikataa simu yangu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa teksi hapa Kigoma Mjini. Nilinunua chaja ya kulazia simu, yenye nembo ya Qi (kanuni za pamoja za kuchaji bila waya). Nikiilaza simu yangu, taa ya chaja inawaka, inamemeta kidogo, kisha inazima, na mgongo wa simu unakuwa wa moto. Simu ya mdogo wangu inajaa vizuri juu ya chaja hiyohiyo. Muuzaji anasema simu yangu si ya aina hiyo, ingawa kijitabu chake kinaonyesha kuwa inakubali Qi. Nyuma ya simu nina kava la plastiki na kile kibati cha kunasia kwenye sumaku ya dashibodi. Je, nimeuziwa chaja mbovu?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Kwa maelezo uliyotoa, tunakishuku kibati kabla ya kuishuku chaja. Kibandue, kisha ilaze simu tena bila kava.

Ndani ya chaja kuna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa, ambamo hupita mkondo geu unaobadili mwelekeo zaidi ya mara laki moja kwa sekunde. Mkondo huo hujenga uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi ileile, na uga unapoipitia koili ya pili iliyomo mgongoni mwa simu, umeme huzaliwa humo, kama Michael Faraday alivyoonyesha mwaka 1831. Tatizo ni kwamba uga hauchagui: ukikuta bati, huzalisha mikondo ndani ya bati hilo pia, nayo huishia kuwa joto, huku koili ya simu ikipata mabaki tu.

Sumaku peke yake, hata hivyo, isingetosha kuifanya chaja ya kiwanda kimoja iihudumie simu ya kiwanda kingine, na ndiyo sababu muungano wa Wireless Power Consortium, ulioanzishwa mwaka 2008, ulitoa kanuni za Qi mwaka 2010. Kiini cha kanuni hizo ni mazungumzo, na katika mazungumzo hayo simu ndiyo inayoagiza. Chaja hutuma mpigo mfupi wa nguvu. Simu huamka, hujitambulisha na kueleza kiasi cha umeme inachohitaji, kisha huendelea kusema “ongeza”, “punguza” au “acha”. Haitumii redio wala Bluetooth kwa kazi hiyo, bali hubadilibadilisha mzigo wake, yaani kiasi cha nguvu inachovuta, juu ya uga uleule unaoileta nguvu, na chaja huyasoma mabadiliko hayo kwenye koili yake. Simu hutaja pia kiasi ilichokipokea, na chaja hukilinganisha na ilichokitoa. Pengo likiwa kubwa, chaja huchukulia kwamba kuna chuma katikati kinachokula nguvu, nayo hujizima. Kumemeta unakokuona huenda ni ulinzi huo ukifanya kazi yake, wala si uchakavu.

Kama hali haibadiliki baada ya kukitoa kibati, jaribu kichwa cha chaja chenye nguvu zaidi. Iwapo huwezi kuiacha sumaku ya dashibodi, tafuta kava lenye pete ya sumaku, kwa kuwa pete huizunguka koili bila kuifunika. Mpangilio huo umo katika Qi2, kanuni zilizotangazwa mwaka 2023 kwa kufuata mfumo wa MagSafe wa Apple, ambapo sumaku huziweka koili mbili zitazamane sawasawa. Qi ilianza na wati 5, ikafika 15, na mwaka 2025 ikaja Qi2 ya wati 25; vifaa viwili visipolingana, hukubaliana kwenye kiwango cha chini. Nembo iliyochapwa kwenye boksi, tukumbushane, haithibitishi kitu: muungano huo una orodha ya bidhaa zilizopimwa kwenye tovuti yake, na ni vyema kuitazama kabla ya kutoa fedha.

SWALI: Nyumbani tunatumia sola ndogo yenye betri moja. Chaja ya kulazia inakula umeme kuliko ya waya?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Ndiyo. Sehemu ya nguvu hupotea kama joto katika koili zote mbili, na hupotea zaidi simu ikilazwa upande au kava likiwa nene, kwa sababu kanuni za Qi zimepangwa kwa umbali wa milimita chache tu. Joto hilo pia huichosha mapema betri ya lithiamu ya simu. Aidha, chaja iliyoachwa imechomekwa huendelea kutuma mipigo ya kutafuta simu hata kama hakuna iliyolazwa, ingawa hayo ni matumizi madogo. Kwa sola ya ukubwa huo, sisi tungetumia waya, na chaja ya kulazia tungeiacha kwa siku ambayo tundu la simu limeharibika.