Stima au Mashine?

SWALI: Nina saiba hapa Umoja, kompyuta sita za Windows, zote huachwa zimewaka usiku. Mbili hukutwa zimezimika au zimejiwasha upya. Fundi asema ni stima, ninunue UPS, kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika. Nikifungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, nakutana na maelfu ya mistari. Je, skripti yaweza kunichujia?

JIBU: Yaweza, na amri moja yatosha. Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, andika:

Get-WinEvent -FilterHashtable @{LogName='System'; Id=41,6008,1074; StartTime=(Get-Date).AddDays(-30)} | Format-List TimeCreated, Id, Message

Tukio 1074 humtaja mtu au programu iliyoagiza mashine izimwe. Mara nyingi ni masasisho ya Windows, na hapo stima haina hatia. 41 na 6008 humaanisha ilizimika bila kuaga, yaani bila kuzimwa kwa utaratibu.

Wengi hukosea kwenye saa. TimeCreated ya 41 ni wakati mashine ilipowaka tena. Ikizimika saa tisa usiku nawe ukaiwasha saa mbili asubuhi, utasoma 08:00. Saa ya kuzimika imo ndani ya ujumbe wa 6008. Ukitaka kuinyofoa kwa skripti, ondoa kwanza herufi zisizoonekana zilizobanwa kwenye tarehe: -replace '\u200E',''. Zikibaki, [datetime], kigeuzi cha tarehe cha PowerShell, itakataa tarehe ambayo kwa macho haina kasoro. Tena [datetime] hutanguliza mwezi: '03/04/2025' kwake ni tarehe 4 Machi, si 3 Aprili kama tuandikavyo huku.

Sasa kwa kila tukio 41 soma $_.Properties[0].Value, yaani namba ya kosa ($_ ni tukio lenyewe). Namba isiyo 0 ni skrini ya buluu. Tafuta draiva au RAM mbovu. Ikiwa 0, kwa kawaida umeme ulikatika ghafla, au mashine ilikwama ikazimwa kwa kitufe.

Endesha amri hiyo kwenye zote sita. Stima ya mtaa ikipotea, zote zitakuwa na 6008 ya dakika zilezile. Zikiwa nazo mbili tu, UPS iache dukani kwanza. Kagua soketi, waya na pawa saplai za hizo mbili.

Maandishi mekundu ya "No events were found" yasikutishe: hakuna tukio la aina hiyo katika siku hizo 30.

SWALI: Get-EventLog niliyofundishwa chuoni inakataa. Kwa nini?

JIBU: Uko kwenye PowerShell 7, ambako iliondolewa. Tumia Get-WinEvent.