Barua kwa mwanangu aliyechaguliwa kuongoza shirika

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma, kisha nikampa baba yako naye ausome. Unasema shirika lenu hapo Goma, yaani jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaani kwenu, limekuchagua kuwa kiongozi, na wewe unataka kuomba mwaka mmoja usome kwanza teolojia, ndipo urudi kuongoza. "Mama, nitawaongozaje watu wa umri wako, wanaojua kusali kunizidi?" Hilo ndilo swali lako. Nitakujibu kwa urefu, maana jambo lenyewe nalipenda.

Masomo, soma. Pesa ikipungua utatuambia. Lakini usiyafanye kuwa mlango wa kuingilia katika utumishi. Kiongozi wa Kikristo hafundwi pembeni, kisha akaletwa kwa watu akiwa amekamilika. Anafundwa na walewale anaowahudumia, siku kwa siku, na kwa miaka. Hao wazee unaowaogopa ndio walimu wako.

Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 18. Apolo anafika Efeso, msomi wa Aleksandria, hodari katika Maandiko, anayesema kwa moto. Ila aliujua ubatizo wa Yohana tu. Nani alimkamilisha? Priskila na Akila, mke na mume, mafundi wa kushona hema. Walimsikia akisema, wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Watu husifu hekima ya hao wawili, na ni haki yao. Mimi humtazama Apolo. Mtu wa elimu ile amekaa chini anafundishwa na mafundi, mmoja wao mwanamke, wala hatusomi kwamba alinung'unika. Baadaye Paulo anawaandikia Wakorinto kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji.

Na hili shirika lenyewe lina historia. Mwaka 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru, maaskofu wa Kongo walikutana Léopoldville, Kinshasa ya leo, wakachagua njia ya jumuiya ndogo zilizo hai, ambamo watu wanajuana kwa majina na kwa shida zao. Kardinali Malula akaenda mbali zaidi: mwaka 1975 alianza kuwakabidhi walei, waumini wasio mapadiri wala watawa, uongozi wa parokia za Kinshasa. Waliitwa bakambi, baba wa familia wenye kazi zao. Kwa hiyo usifikiri umepewa nafasi ya padiri aliyekosekana. Umepewa kazi ambayo Kanisa letu liliitafuta kwa makusudi.

Sasa zile hatua saba za kusoma Injili, zilizotoka taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Unazijua tangu utoto: tunamwalika Bwana, tunasoma, kila mmoja anarudia neno lililomgusa, tunanyamaza, tunashirikishana, tunaangalia kazi inayotungoja, tunasali. Umewahi kuona kwamba hakuna hatua inayoitwa mahubiri? Anayeongoza analinda nafasi ili wengine waseme. Ukimya wa hatua ya nne utakutisha mwanzoni, utatamani kuujaza kwa maneno. Uache. Na mama asiyejua kusoma akisema lililomgusa, usimsahihishe na usiligeuze neno lake kuwa mjadala. Pokea. Utashangaa ni mangapi utakayojifunza hapo ambayo vitabu vyako havitakupa.

Hatua ya sita ndiyo ninayokuomba uisimamie kwa nguvu zako zote. Mashirika mengi huiruka, yanatoka kwenye kushirikishana na kwenda moja kwa moja kwenye sala na mchango. Katika hatua hiyo ya sita ndipo huulizwa nani amelazwa na hana wa kumlinda usiku, nani amefiwa, mtoto gani amerudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali, karo ya shule. Kumbuka Matendo 6: manung'uniko yalikuwa ya chakula, wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahauliwa. Mitume hawakuteua wenyewe. Waliliambia kusanyiko lichague watu saba. Stefano, shahidi wa kwanza, alianzia kwenye kugawa chakula.

Nimefikiri sana juu ya hofu yako, mwanangu, na naona inafanana na ile ya Petro katika Yohana 13. Yesu anavua vazi, anajifunga kitambaa, anaosha miguu ya wote, ya Yuda nayo ikiwemo. Petro peke yake anakataa kuoshwa. Wewe kuhudumia wengine hakukutishi. Nakujua, utabeba bidoni za maji na kupanga viti bila kuambiwa. Linalokushinda ni kufika mbele yao ukiwa bado unahitaji kitu kutoka kwao. Unataka kuja umejaa. Njoo hivyo ulivyo. Waambie wakuombee, uwaulize usichokijua, ukubali mzee akuite kando akurekebishe.

Sisi wa Bukavu tumemwona kiongozi asiyejitenga na watu wake. Mwaka 1971, utawala wa Mobutu ulipowaandikisha wanafunzi wa chuo kikuu jeshini kwa nguvu, Christophe Munzihirwa, Mjesuiti aliyekuwa mlezi wao, aliomba aandikishwe pamoja nao. Tangu 1994 alikuwa askofu wetu mkuu. Vita vilipofika hapa mwezi wa kumi 1996, wakubwa wa serikali walikwisha kukimbia. Yeye alibaki mjini, na tarehe 29 akauawa pale Nyawera. Mimi bado siwezi kupita njia hiyo bila kumtaja katika sala. Hakuna anayekudai kifo, mwanangu. Nakuonyesha tu kwamba aliyebaki na watu 1996 ndiye yule yule aliyevaa magwanda pamoja na vijana wake 1971.

Basi, kabla ya mkutano wako wa kwanza, nenda nyumbani kwa mzee unayempokea kazi. Usiende na programu mkononi. Muulize ni nyumba gani hazijatembelewa muda mrefu, na kwa nini. Kisha mwombe muende naye, akutangulie kubisha hodi, maana yeye ndiye wanayemjua. Jina la kila mgonjwa na kila mjane uliandike, na hayo ndiyo uyalete kwenye hatua ya sita.

Baba yako anakusalimia na anakubariki. Tupigie simu Jumapili baada ya misa.

Mimi mama yako,
Kadutu, Bukavu