Halmashauri imepaka rangi bembea za mbao. Je, inatosha?

SWALI: Shikamoo Fundi. Uwanja wa kuchezea watoto wa halmashauri yetu una bembea, ngazi na kijumba cha kupandia, vyote vya mbao. Nguzo zilikuwa za kijani kilichofifia, na hivi karibuni zimepakwa rangi ya kahawia. Jirani yangu anasema mbao za zamani za namna hiyo zina sumu. Nilipokwenda ofisini kuuliza, nikajibiwa kwamba uwanja umekaguliwa, basi. Wanangu wana miaka mitatu na sita. Je, niwazuie? Na nina haki ya kuuliza zaidi ya hapo?
Mama wa wawili

JIBU: Marahaba, mama. Haki unayo, na jibu ulilopewa halitoshi. Aliyesema umekaguliwa aseme umekaguliwa lini, na nani, na huyo mkaguzi aliandika nini. Kiwango cha Ulaya cha vifaa vya michezo ya watoto, EN 1176, kinataka ukaguzi wa ngazi tatu. Upo wa kutazama kwa macho mara kwa mara, hata kila siku pale penye watoto wengi. Upo wa kupima uimara na uchakavu kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Halafu upo mkuu, wa kila mwaka, unaofika hadi kwenye misingi. Kila mmoja huacha maandishi. Hata kama kwenu kinafuatwa kiwango kingine, halmashauri isiyo na karatasi ya kukuonyesha haina ukaguzi.

Kazi yangu ni useremala, na kwa miaka mingi nimekagua viwanja vya namna hii. Kinachonitisha kwenye barua yako kuliko sumu ni ile rangi mpya, maana inaweza kuficha mbao iliyooza. Nguzo ya mbao haiozi ovyo. Huoza pale inapoingia ardhini, kuanzia usawa wa udongo kushuka kiasi cha kiganja kimoja au viwili. Kuvu wanaoila mbao wanahitaji unyevu na hewa kwa pamoja. Juu mbao hukauka, chini kabisa hewa ni haba, lakini hapo katikati vyote viwili vipo mwaka mzima. Nguzo ikisimikwa ndani ya zege lisilo na pa kutolea maji, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu maji hutuama shinani kama kwenye kikombe.

Tena mara nyingi mbao iliyotiwa dawa huanza kuoza ndani. Dawa ya kuhifadhi mbao hupenya vizuri sehemu ya nje ya mti, ila kwenye kiini hupenya kidogo sana. Fundi akiikata nguzo baada ya kutiwa dawa na asipake dawa nyingine pale alipokata, amewafungulia kuvu mlango. Nimewahi kukuta nguzo inayong'aa kwa rangi, nikafukua udongo kidogo shinani, nikasukuma bisibisi, ikazama hadi mpinini bila hata kutumia nguvu. Siku hiyohiyo watoto walikuwa wakiibembelea.

Julai 2015, katika bustani ya Mile End Park jijini London, msichana wa miaka mitano alifariki baada ya nguzo ya mbao iliyoshikilia bembea ya kamba kuvunjika na kumwangukia. Ilikuwa imeoza. Ndiyo maana nasisitiza: chombo kinachosimama kwa nguzo moja tu kipewe macho zaidi, maana hiyo ikikatika hakuna ya pili ya kukizuia.

Sasa sumu. Jirani yako hajazusha. Kwa miaka mingi mbao za nje zilitiwa dawa iitwayo CCA, mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki. Aseniki husababisha saratani, na kiasi chake hutoka polepole kwenye mbao, kikabaki juu yake na kwenye udongo wa chini. Mtoto hushika, kisha hutia vidole mdomoni. Marekani watengenezaji waliacha kuitumia kwa mbao za majumbani na viwanja vya watoto mwishoni mwa 2003, Ulaya ikaibana mwaka 2004, na Australia mwaka 2006. Hata hivyo, mamlaka ya Marekani haikuagiza vifaa vya zamani ving'olewe vyote. Na ukijani peke yake si ushahidi, kwani zipo dawa nyingine za shaba zisizo na aseniki zinazoacha rangi hiyohiyo. Kipande kidogo kikipelekwa maabara kitatoa jibu.

Kama ni CCA, kifaa kizima kipakwe mafuta ya mbao yanayopenya ndani, na kurudiwa karibu kila mwaka. Rangi inayoganda juu kama ngozi hubanduka, na kabla ya kupaka upya mtu hupiga msasa, vumbi lenye aseniki likatapakaa mchangani. Waulize kama kabla ya rangi hii ya kahawia walipiga msasa.

Andika barua, nakala mpelekee diwani wako. Omba taarifa ya ukaguzi mkuu wa mwisho, mwaka vifaa viliposimikwa, aina ya dawa iliyotumika, na kama shina la kila nguzo lilifukuliwa na kupimwa. Omba ujibiwe kwa maandishi.

Wanao wasiguse bembea ambayo nguzo yake inatikisika ukiisukuma, au iliyo laini shinani. Ukiikuta, piga simu ofisini siku hiyohiyo na udai izungushiwe uzio. Nyingine wacheze, ila wanawe mikono kwa sabuni wakimaliza, na chakula kisiliwe juu ya zile mbao.

Siku nguzo zitakapong'olewa, uliza zinapelekwa wapi. Watu huzichukua kuwa kuni, na mbao ya CCA ikichomwa, moshi hubeba aseniki na majivu hubaki nayo. Halmashauri izipeleke kwenye dampo linalopokea taka zenye sumu, isimgawie mtu.