Jibu: Dar hadi Moshi Desemba, na mama mzazi na watoto

Mkuu, umeuliza utafanyaje safari ya Moshi ya Desemba na mama mzazi, mke na watoto wawili isiwe adhabu, na namna ya kutunza kumbukumbu zake maana mama umri umekwenda. Njia hiyo huwa naipita na mama yangu mwisho wa mwaka, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyajua.

Tiketi kata Novemba, kwa mtandao. Anayefika stendi ya Magufuli pale Mbezi siku mbili kabla ya Krismasi akiwa hana tiketi amejikabidhi kwa wapiga debe. Chukua basi la saa 12 asubuhi. Ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023 na wengi wanayapenda, ila kwa unachokitaka wewe hayafai: mama atasinzia na dirishani ni giza tupu.

Kaeni upande wa dereva. Kuanzia Korogwe milima ya Usambara iko kulia, ikiisha inaingia ya Upare, na mkishapita Himo Kilimanjaro nao uko kulia. Jua la alasiri linawachoma wa kushoto. Mkikuta mlima umejifunika mawingu, waambie watoto wasubiri alfajiri ya kesho yake, ndipo huwa unaonekana vizuri.

Mama apewe kiti cha kwenye korido. Dawa zake za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiende kwenye buti. Ni kama kilomita 560, na basi haliruhusiwi kuzidi 80 kwa saa, kwenye makazi 50, basi hesabu ni kutwa nzima na miguu ya mzee itavimba. Gari likisimama kwa chakula au kuchimba dawa, shuka naye hata kama hana haja, atembeetembee. Watoto wapewe mkate mkavu na ndizi, chipsi mayai zingoje kufika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, hivyo beba kopo lenye mfuniko kwa ajili ya atakayetapika.

Sasa kumbukumbu, na hapa ndipo nakuomba unisikilize sana. Picha utapata tele. Kitakachokosekana siku moja ni sauti ya mama, na hakuna mahali pazuri pa kuirekodi kama ndani ya basi. Amekaa, hana jiko la kukimbilia wala wageni wa kupokea, na kila kinachopita dirishani kinamkumbusha jambo. Mwambie kwanza kwamba unarekodi, akubali mwenyewe. Tumia spika za masikioni zenye waya, kile kinasa sauti chake ukibane kwenye kanga karibu na shingo, la sivyo utasikia injini tu. Mjukuu akae jirani naye.

Usimwambie "tusimulie maisha yako", atakujibu hana la kusimulia. Muulize kinachoonekana. Mkifika Mombo: treni ilikuwa ikisimama hapa mkinunua nini? Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, na wazee wetu wengi waliisafiria kabla treni ya abiria haijapotea kwa miaka mingi, hadi iliporudi Desemba 2019. Mimi nilimuuliza mama kuhusu mkonge wa Korogwe tu, akanitajia ndugu wa babu aliyekwenda kufanya kazi kwenye mashamba yale na hakurudi tena nyumbani. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kunitajia jina lile.

Usiku huohuo lipe faili jina: nani, kutoka wapi hadi wapi, mwezi na mwaka. Halafu watumie ndugu zako, na ujitumie mwenyewe kwenye barua pepe. Picha ukizituma WhatsApp zitume kama dokumenti, zikienda kama picha za kawaida zinapunguzwa ubora. Na status inafutika baada ya saa 24, usiitegemee.

Kijijini piga vile ambavyo watu hawavipigi: jiko la zamani, njia ya kuingilia kihambani (shamba la migomba la ukoo), makaburi, mikono ya mama akimenya ndizi. Picha ya ukoo mzima ipigwe tarehe 25 watu wakitoka kanisani, maana kuanzia kesho yake kila mtu ana safari zake. Isafishe studio Moshi mjini kabla hujarudi Dar, nakala mbili. Keti na mama akutajie majina ya wote kuanzia kushoto, uyaandike nyuma kwa maka peni, ikauke kabla ya kuifunika. Moja ibaki kwake.

Kama mama ana shida ya magoti sema hapa, mabasi mengine ngazi zake ni ndefu mno kwa mzee na ni vizuri ukakague kabla hujalipa.